Maswali yanayoulizwa sana: sheria inatungwaje, na wewe wa Arusha au Moshi unaingilia wapi

Haya ni maswali ambayo watu wa huku kwetu, Arusha mjini, Moshi, Hai, Meru, wanayauliza kila ikisikika habari ya muswada mpya au ushuru mpya. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu kaunta maana nina steshenari na kazi yangu kubwa ni kuwachapia watu barua, na barua nyingi zinazokuja ni za kulalamikia kitu ambacho kingesemewa mapema zaidi kingekuwa na nafasi. Majibu mengine marefu mengine mafupi, ndo hivyo.

Kwanza kabisa sheria zinatungwa wapi, Dodoma au hapahapa mjini?

Inategemea ni sheria ipi, na hapa ndo wengi wanapotea. Kuna sheria zenyewe, zile "Sheria ya nanii ya mwaka fulani", hizo ni za Bunge, Katiba ibara ya 64 inasema mamlaka ya kutunga sheria kwa Tanzania Bara yako mikononi mwa Bunge. Halafu kuna kanuni, hizo anazitunga waziri kwa sababu sheria ya Bunge imempa ruhusa, hazisomwi bungeni kama muswada, zinatoka kwenye Gazeti la Serikali na zinakubana vilevile. Halafu kuna sheria ndogo za halmashauri, Jiji la Arusha lina zake, Manispaa ya Moshi ina zake, Moshi Vijijini, Hai, Rombo, Meru kila mmoja na zake, ndo maana usishangae mtu wa Soko la Mbuyuni na mtu wa Kilombero kila mmoja anatozwa kivyake. Na chini kabisa kijiji nacho kinaweza kutunga sheria ndogo yake.

Sasa angalia, vitu vinavyokugusa ukitoka tu mlangoni, taka, meza ya sokoni, kibanda, mbuzi wa jirani kuzurura, karibu vyote vinatoka huku chini. Lakini macho ya watu wote yako Dodoma, kikao cha madiwani kinaisha na hakuna hata mwananchi mmoja aliyekaa nyuma kusikiliza.

Nimedaiwa ushuru nisioujua. Nitajuaje umetoka wapi?

Muulize anayekudai, kwa upole tu, "huu ushuru uko kwenye sheria ndogo ipi, Tangazo la Serikali namba ngapi la mwaka gani?" Watu wanaita GN. Sheria ndogo yoyote halali ya halmashauri ina namba ya GN kwa sababu lazima itangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Akishindwa kujibu usigombane naye, pale getini huyo ni kijana wa kukusanya tu. Chukua risiti ya mashine, piga picha, nenda kwa mwanasheria wa halmashauri au kitengo cha mapato waulize.

Kwanini nasisitiza? Kwa sababu ukijua ilikotoka unajua pa kupigia kelele. Chukua ushuru wa mazao. Halmashauri ndo inakusanya, lakini kiwango cha juu kimewekwa na sheria ya Bunge, Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290. Mwaka 2017 Bunge ndilo lililoshusha kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na bajeti ileile ikasema mwenye mzigo usiozidi tani moja asitozwe akivuka halmashauri moja kwenda nyingine. Kwahiyo mama aliyepakia mikungu yake michache ya ndizi kwenye pikapu, akisimamishwa getini, hoja yake siyo "naomba mnihurumie". Hoja yake ni mzigo una kilo ngapi na sheria inasemaje. Na kama anataka kiwango chenyewe kishuke zaidi, kumsumbua diwani hakusaidii kitu, hilo ni la mbunge na Wizara ya Fedha.

Muswada unapita hatua gani mpaka unakuwa sheria?

Kwa kifupi, serikali inaandaa muswada (mbunge pia anaruhusiwa kuleta muswada binafsi ila ni nadra), unachapishwa kwenye Gazeti la Serikali, unasomwa bungeni mara ya kwanza. Kusomwa mara ya kwanza siyo mjadala, kinatajwa kichwa cha muswada basi. Baada ya hapo Spika anaupeleka kwenye kamati ya kudumu inayohusika, na kamati inakaa na wizara na inaita wadau watoe maoni. Hapo ndo mlango wenyewe. Ukirudi bungeni unasomwa mara ya pili, hapo ndo wanajadili, halafu Bunge linakaa kama Kamati ya Bunge Zima kupitia kifungu kwa kifungu, halafu mara ya tatu, halafu unaenda kwa Rais kusainiwa.

Rais anaweza kukataa kusaini na kuurudisha na sababu zake, ibara ya 97 imeeleza yote hayo. Ukirudishwa hauwezi kupelekwa kwake tena kabla ya miezi sita isipokuwa theluthi mbili ya wabunge wote wakiunga mkono, na ukipelekwa tena ana siku 21, asaini au avunje Bunge. Kwahiyo ukisikia mtu anasema "tumwandikie Rais asisaini", sawa, inaruhusiwa, ila usiiweke kuwa ndo mpango wako.

Nitajuaje kuna muswada unakuja?

Gazeti la Serikali linatoka Ijumaa. Najua hakuna anayelisoma huku mtaani, basi tumia tovuti ya Bunge, kuna sehemu ya miswada unapakua faili zima, na kuna Taarifa Rasmi za Bunge, yaani kila neno lililosemwa ukumbini. Bunge lina mikutano minne kwa mwaka: ule wa mwishoni mwa Januari kuingia Februari, wa bajeti kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Juni, wa kati ya mwishoni mwa Agosti na Septemba, na wa mwishoni mwa Oktoba kuingia Novemba. Kamati zinakaa wiki chache kabla ya mkutano kuanza. Kwahiyo ukitaka kuwa mjanja, angalia tovuti kamati zinapoanza kukaa, usisubiri uone kwenye taarifa ya habari saa mbili usiku, ukiona pale ujue kamati imeshamaliza na wadau wameshapanda basi wanarudi makwao.

Cha pili, wekeni utaratibu kwenye grupu la wasapu la mtaa au la chama chenu cha bodaboda, mtu mmoja awe anacheki. Mmoja tu. Mkisema wote mtacheki hakuna atakayecheki.

Kutoa maoni kwenye kamati lazima nisafiri mpaka Dodoma?

Hapana. Kamati ikitangaza kupokea maoni huwa inapokea na ya maandishi, unaandika kwa Katibu wa Bunge, kwa barua au kwa barua pepe iliyotajwa kwenye tangazo. Kwenda ana kwa ana kuna faida yake, unaweza kuulizwa swali ukajibu palepale, barabara ya kupitia Babati na Kondoa ni lami na mabasi yapo, ila nauli na malazi ni juu yako. Watu wa huku wanaopata nafasi ya kukaa mbele ya kamati mara nyingi ni vyama, wenye kampuni za utalii, wakulima wa kahawa kupitia ushirika wao, TCCIA ya mkoa (chemba ya wenye biashara, viwanda na kilimo), mashirika ya haki za binadamu. Usidharau hiyo njia. Kama uko kwenye chama chochote muulize katibu "mmepeleka maoni?", maana mara nyingi mwaliko umefika na umekaa kwenye droo.

Mfano wa karibuni wa kamati kusikiliza watu wengi ni ile miswada mitatu ya mambo ya uchaguzi na vyama vya siasa, ilisomwa mara ya kwanza Novemba 2023, Januari 2024 Kamati ya Utawala, Katiba na Sheria ikapokea maoni Dodoma kwa siku kadhaa mfululizo, vyama, taasisi za dini, mawakili, asasi, wote walipita pale. Kama kilichoingia kwenye sheria kiliwaridhisha, hilo ni swali lingine na watu bado wanabishana.

Barua ya maoni inaandikwaje? Nikiandika tu kwamba sitaki haitoshi?

Haitoshi. Hapa nitakaa kidogo maana ndo kazi yangu.

Barua nyingi zinazonijia zimeanza na salamu nusu ukurasa, halafu historia ya nchi, halafu "tunaomba serikali yetu sikivu itufikirie". Mtu wa kamati ana barua kibao mezani na anatakiwa ajaze jedwali, kifungu, maoni, pendekezo, sababu. Barua yako isipomwambia ni kifungu gani, haina pa kuingia kwenye lile jedwali lake. Inasomwa, inawekwa pembeni.

Kwahiyo fanya hivi. Juu kabisa jina la muswada na mwaka. Halafu wewe ni nani na sheria hii inakugusaje, mstari mmoja au miwili, "mimi ni dereva wa bajaji Njiro", "mimi nauza nguo Memorial", inatosha. Halafu nenda moja kwa moja: kifungu cha ngapi, kinasema nini, tatizo ni nini, unataka kisomekeje. Hilo la mwisho ndo watu wanaliruka na ndo lenye nguvu kuliko yote. Tuseme muswada unasema mfanyabiashara atatoa taarifa ndani ya siku saba. Usiandike "siku saba ni chache". Andika "tunapendekeza maneno 'siku saba' yafutwe na badala yake yawekwe 'siku thelathini', kwa sababu mfanyabiashara wa Tarakea anaenda Moshi mjini kupata huduma hii na hafungi duka kila wiki." Umeona? Mbunge akiipenda anaweza kuinyanyua kama ilivyo akaiweka kwenye jedwali la marekebisho, yaani karatasi anayopeleka mbunge akitaka kifungu kibadilishwe, umemfanyia kazi yake.

Kurasa mbili zinatosha. Vifungu vitatu unavyovijua vizuri ni bora kuliko ishirini ulivyovikopi kwa mtu. Na tafadhali jamani acheni kuandika kwa herufi kubwa zote, haziongezi uzito.

Mkikusanya saini nyingi inasaidia?

Kidogo. Barua ya maoni yenye hoja inaweza kwenda bila saini mia. Lakini kama ni ombi la wananchi kwa Bunge lenyewe, kanuni za Bunge zinataka liwasilishwe na mbunge, hamuwezi kwenda wenyewe na karatasi zenu mlangoni. Saini zinafaa zaidi kwa diwani na mbunge kwa sababu hao wanahesabu kura, majina ya watu wa kata moja yenye namba za simu yanamkalisha macho. Zile za mtandaoni ambazo nusu ya waliosaini wako nje ya jimbo sijaona zikimtisha mtu.

Hati ya dharura ni kitu gani?

Ni serikali kuomba muswada uende haraka bila kusubiri ule muda wa kawaida wa kutangazwa. Hapo nafasi ya maoni inabana sana, wakati mwingine siku chache. Ukiona maneno hayo acha kupanga vikao vya kupanga vikao, andika usiku huohuo utume.

Kinyume chake kuna miswada inayochelewa na kuchelewa huko kunasaidia. Ule wa Bima ya Afya kwa Wote ulisomwa mara ya kwanza Septemba 2022, ukasogezwa mbele maana maswali yalikuwa mengi hasa hela zitatoka wapi, ukaja kupitishwa Novemba 2023. Aliyekuwa na hoja alipata zaidi ya mwaka mzima kuisema.

Mbona bajeti ikisomwa tu bei zinapanda kesho yake? Hapo tunaingilia wapi?

Bajeti kuu inasomwa katikati ya Juni na mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, kwahiyo Muswada wa Sheria ya Fedha unapita ndani ya wiki mbili hivi. Kamati ya Bajeti inapokea wadau lakini mbio ni kubwa. Wanaojua mchezo hawasubiri Juni. Wizara ya Fedha huwa inaomba mapendekezo ya kodi miezi mingi kabla, kwa kawaida kuelekea mwisho wa mwaka, na wenye viwanda na wenye hoteli ndo wanapeleka yao wakati huo. Mangi wa duka la kona yeye anakuja kusikia redioni Juni.

Ila tusidanganyane, kuwahi siyo kushinda. Mwaka 2016 VAT ya asilimia 18 iliwekwa kwenye huduma za utalii, watu wa kampuni za utalii wa hapa Arusha walipinga kwelikweli, na ikapita vilevile. Halafu angalia tozo za miamala ya simu. Ziliingia kupitia Sheria ya Fedha ya 2021, zikaanza kukatwa tarehe 15 Julai mwaka huo, nchi nzima ikapiga kelele, na kilichouma zaidi ni kwamba watu walipunguza kutuma hela. Septemba 2021 zikashushwa asilimia 30, 2022 zikashushwa tena, na 2023 tozo ya kutuma ikaondolewa. Hapo wananchi waliibadilisha sheria baada ya kupita, lakini iliwachukua miaka miwili ya kukatwa.

Mbunge wetu hapokei simu. Tufanyeje?

Mbunge kupigiwa simu na watu laki ngapi sijui hapokei, hata wewe usingepokea. Nenda ofisi ya jimbo, ipo, ina katibu wa mbunge, na katibu ndo mtu wa kufanya naye urafiki. Peleka barua nakala mbili, moja wagonge muhuri "imepokelewa" ubaki nayo. Kamuombe kitu kimoja kinachowezekana: aulize swali la msingi kwa waziri, au alete jedwali la marekebisho kwenye kifungu fulani, au achangie tu ajue msimamo wa watu wa jimbo lake. "Atupiganie" siyo ombi, haijulikani amelifanya au hajalifanya. Swali likiulizwa linaandikwa kwenye Taarifa Rasmi na jibu la waziri linaandikwa, unaweza kuliprinti ukalibandika ofisini kwako. Kipindi cha maswali ni asubuhi, na Alhamisi kunakuwa na maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu.

Kuna wabunge wa viti maalumu pia wa mkoa. Watu wanawasahau, na baadhi yao wako kwenye kamati unayoitaka wewe kuliko mbunge wa jimbo. Angalia kwanza nani yuko kamati gani, orodha iko kwenye tovuti.

Baraza la Madiwani naruhusiwa kuingia au ni la wenyewe tu?

Unaruhusiwa. Mkutano wa baraza ni wa wazi, unakaa nyuma unasikiliza, huruhusiwi kuongea, na kuna nyakati baraza linaweza kujigeuza kamati wakawatoa watu. Linakaa kila robo mwaka. Ila nikwambie ukweli, siku ya baraza mambo mengi yanakuwa yameshaiva kwenye kamati za kudumu, Kamati ya Fedha na Uongozi ndo kubwa, Mipango Miji na Mazingira ndo inayogusa vibanda na ujenzi. Diwani wako anapewa makabrasha siku chache kabla. Muombe akuonyeshe ukurasa unaokuhusu. Wengine watakuonyesha wengine watakuzungusha, inategemea na mtu.

Sheria ndogo ya halmashauri inatungwaje, na nani anaikagua?

Wataalamu wanaandaa rasimu, inaenda kamati, wananchi wanatakiwa watangaziwe ili mwenye pingamizi alete, baraza linapitisha, halafu inaenda kwa waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa aidhinishe, yaani TAMISEMI, halafu inatangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Mambo haya yako kwenye Sura ya 287 kwa wilaya na Sura ya 288 kwa miji, zote za 1982. Hiyo hatua ya wananchi kutangaziwa kiuhalisia inaweza kuwa karatasi moja kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata, imebandikwa juu ya tangazo la chanjo na chini ya tangazo la mnada, karatasi yenyewe imefifia na jua. Ukipita kwa mtendaji wa kata kwa shughuli yoyote ile, soma ubao. Ndo pa kuingilia hapo na hamna gharama.

Na kuna kitu wengi hawakijui kabisa: Bunge lina Kamati ya Sheria Ndogo, kazi yake ni kuchambua hizi sheria ndogo na kanuni za mawaziri zikishatangazwa, ikikuta zinakinzana na sheria mama, yaani ile ya Bunge iliyowapa ruhusa ya kuzitunga, au zina makosa, inapeleka taarifa bungeni na Bunge linaazimia zirekebishwe. Kwahiyo kama halmashauri yenu imejiwekea kiwango ambacho sheria mama haikiruhusu, au imetoza kitu kilichofutwa, andikieni ile kamati na mtaje namba ya GN na kifungu cha sheria mama kinachokiukwa. Kwangu hii ndo njia inayoonewa kuliko zote, haitumiki kabisa.

Sisi tuko kijijini, Uru, Kibosho, kule Meru. Kuna tofauti?

Kijijini mna nguvu kuliko mtu wa mjini, ila hamuitumii. Halmashauri ya kijiji inaandaa sheria ndogo, inapelekwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji ambao kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe, halafu inaenda halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Mambo ya mfereji, kukata miti kando ya mto, mbuzi kuachiwa, saa za kufunga vilabu vya mbege, yote yanaweza kuwekwa huko. Mkutano mkuu unatakiwa uitwe kila baada ya miezi mitatu. Ukiona mwaka umepita haujaitwa, ulizeni kwa maandishi kwa mtendaji wa kijiji, nakala kwa mtendaji wa kata. Na ukiitwa nendeni jamani, siyo mnawaachia wazee kumi na mbili na mwenyekiti wanaamua halafu Desemba mnarudi kutoka Dar mnashangaa faini imetoka wapi.

Sheria imeshapita na imeshasainiwa. Ndo basi?

Siyo basi ila inakuwa ngumu na ndefu. Ya kwanza, kupita haimaanishi imeanza kutumika, nyingine zinasubiri waziri atangaze tarehe au atunge kanuni, na kanuni nazo zina rasimu na wadau wanaitwa. Vitu vingi vinavyouma vimo kwenye kanuni, viwango, fomu, ada. Endelea kufuatilia.

Ya pili mahakama. Ibara ya 26 inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kulinda Katiba, na ibara ya 30 inakuonyesha mlango wa Mahakama Kuu. Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, alivipinga vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana wa chini ya miaka 18 kuolewa, akashinda Mahakama Kuu 2016, serikali ikakata rufaa, Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye Oktoba 2019. Serikali iliagizwa kurekebisha ndani ya mwaka mmoja, na mwaka ukaisha bila Bunge kurekebisha. Kwahiyo hata hukumu inahitaji watu wa kuisukuma. Jua pia kwamba marekebisho ya 2020 yalimtaka anayefungua kesi za namna hii aonyeshe jinsi alivyoathirika yeye mwenyewe, kwahiyo tafuta wakili akwambie sasa ikoje kabla hujachapa chochote, usije kwangu kwanza.

Mfano wa karibu zaidi ni Ngorongoro. Agosti 2024 lilitoka Tangazo la Serikali namba 673 lililofuta kata, vijiji na vitongoji kule. Hiyo haikuwa sheria ya Bunge, ilikuwa GN tu, ukurasa wa gazeti, na ungewaacha watu bila serikali ya kijiji uchaguzi ukikaribia. Wananchi walijaa barabarani, kesi ikafunguliwa Mahakama Kuu hapa Arusha, tangazo likasimamishwa kwa muda, na serikali ikasema vijiji vinabaki.

Na hizi mahakama na mabunge ya kimataifa zilizojaa Arusha, zinatusaidia nini?

Zinasaidia kuliko mnavyofikiri mkipita pale na kifodi. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa, na Bunge la Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika Mashariki ziko hapahapa. Mtu anaweza kupeleka sheria ya nchi yake kwenye ile mahakama akidai inakiuka Mkataba wa Jumuiya. Wadau wa habari na haki za binadamu wa Tanzania walifanya hivyo kwa Sheria ya Huduma za Vyombo vya Habari ya 2016, Machi 2019 mahakama ikasema vifungu kadhaa vinakiuka Mkataba, na 2023 Bunge la Dodoma likaifanyia sheria hiyo marekebisho. Ila angalia muda, una miezi miwili tu tangu sheria itoke au tangu ujue, ukichelewa umechelewa.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo iko Arusha, ila tangu Tanzania ijitoe mwaka 2019 kwenye lile tamko la kuruhusu watu binafsi na asasi kuishtaki pale, na kujitoa kukaanza kufanya kazi Novemba 2020, mwananchi wa kawaida hawezi tena kuishtaki Tanzania moja kwa moja pale. Watu bado wananiletea barua za kwenda huko, nawarudisha.

Kiongozi, hawa wa ofisini hawanipi nakala ya sheria ndogo wala muhtasari wa kikao. Ni siri?

Siyo siri. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba, andika ombi, na wana siku 30 za kukujibu. Kuna vitu vya usalama na vya watu binafsi wanaweza kukunyima, lakini sheria ndogo iliyotangazwa siyo mojawapo. Ukitaja jina la hiyo sheria kwenye barua, mwendo wa ofisi unabadilika kidogo, nimeona.

Sitaingia matatizoni? Huku kwetu kusema kitu kidogo tu watu wanasema siasa.

Hofu hiyo ipo na sitajifanya haipo. Katiba iko upande wako, ibara ya 18 ni uhuru wa maoni na ibara ya 21 inasema raia ana haki ya kushiriki kikamilifu katika kufikia uamuzi wa mambo yanayomhusu. Kwa vitendo, barua ya maoni yenye namba ya kifungu iliyopelekwa kwa Katibu wa Bunge au kwa mkurugenzi, yenye muhuri, ni salama kuliko voisi ya dakika sita kwenye grupu ukimtaja mtu jina. Sema kifungu, usiseme mtu. Na usisambaze skrini shoti ya "muswada" usiojua umetoka wapi, kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na haitakusikiliza ukisema ulifowadi tu.

Miswada ni ya Kiingereza, mimi Kiingereza cha sheria sikiwezi.

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili ndo lugha ya sheria na ya mahakama, na miswada mingi sasa inapatikana kwa Kiswahili. Zile za zamani bado zinatafsiriwa. Ukikwama anza na sehemu ya mwisho ya muswada inayoitwa Madhumuni na Sababu, imeandikwa kwa lugha ya kawaida na inakwambia kila kifungu kinataka kufanya nini. Mi mwenyewe naanzia huko.

Kuna posho ukienda kutoa maoni?

Hapana. Ukienda Dodoma nauli yako na chai yako. Ukituma kwa barua pepe ni bando tu.